Ndege ya Chake au boti ya Mkoani: kipi kwa safari, kipi kwa mzigo, kipi kwa kisiwa

Msimu wa shokishoki uliopita nilisimama nyuma ya mama mmoja kwenye mizani ya kiwanja cha ndege cha Pemba. Begi lake la nguo lilipita bila neno. Kilichokwama ni pakacha la shokishoki. Ndege hizi ndogo kwa kawaida humruhusu abiria kilo 15, na yeye kwa begi na pakacha alikuwa amefika 23. Akaulizwa kama atalipia ziada. Akacheka tu, akakaa kitako, akalifungua pakacha pale pale sakafuni na kuanza kugawa: "Shika mwanangu. Na wewe baba shika, zisije zikaniozea." Tukapanda ndege kila mmoja na kitawi chake mkononi, rubani akiwemo. Mwanawe aliyekuwa akimngojea Kisauni, kiwanja cha ndege cha Unguja, sijui alibakishiwa ngapi.

Wiki mbili baadaye nilirudi Pemba kwa boti ya usiku. Gati ya Malindi, Unguja, mahamali walikuwa wakipakia friji, milango ya mbao, pikipiki, magodoro yaliyokunjwa na kufungwa kamba, na maboksi ya vifaranga wanaopiga kelele. Mimi nilikuwa na polo la unga, ndoo ya rangi na begi. Hakuna aliyeniuliza kilo.

Ninaulizwa mara kwa mara na jamaa wanaokuja Pemba: "Nije kwa ndege au kwa boti?" Na barazani, kahawa ikishamiminwa, hubishaniwa jambo jingine: kisiwa kitangulize kiwanja kikubwa cha ndege au gati? Kwangu mimi hilo ni swali moja lililovaa nguo mbili. Kwanza uliza unabeba nini.

Mtu na begi lake

Angani, kutoka Kisauni hadi Pemba ni kiasi cha nusu saa. Boti ya usiku mara nyingi huondoka Malindi watu wakiwa wameshasali Isha, na kukipambazuka unaiona Mkoani. Ukilinganisha hivyo tu, ndege imeshinda kabla ya mchezo kuanza. Lakini safari huanzia mlangoni kwako na kuishia mlangoni kwa mwenyeji wako. Ndege inakushusha dakika chache tu kutoka Chake Chake. Boti inakushusha Mkoani, na kutoka hapo hadi Chake ni kiasi cha kilomita 30, Wete ni mbele zaidi, na Konde ni mbele ya mbele. Kwa mtu wa Kengeja au Mtambile, boti inamfikisha karibu na kwao. Akija kwa ndege itabidi apande gari arudi kusini. Mtu wa Micheweni ndiye hasa anayeiona faida ya kiwanja.

Kuna hesabu nyingine ambayo wageni hawaipigi. Usiku wa botini si muda uliopotea, ni usiku uliolala, au uliojaribu kulala. Mfanyakazi wa Mjini Unguja anatoka kazini Ijumaa, anapanda boti, Jumamosi asubuhi anakunywa chai kwao, na hakuomba ruhusa ya mtu. Ndege ya saa nne asubuhi ingemlia nusu ya siku.

Bei haina mjadala: tiketi ya ndege ni mara kadhaa ya tiketi ya boti kwa mkaazi. Mtu mmoja anaweza kujikaza. Baba mwenye watoto wanne wanaokwenda kwa bibi yao likizo ya skuli hana la kuchagua.

Bahari nayo ina neno lake. Kuanzia Juni hadi Septemba kusi ikishika, ukiipita rasi ya Nungwi chombo huanza kucheza, na hata mabaharia wazee hunyamaza. Wapemba hawahitaji kukumbushwa usiku wa tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ilipozama mkondo wa Nungwi ikiwa imejaza watu kupita uwezo wake, ikielekea kwetu. Haikutimia mwaka, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit ikazama karibu na Chumbe ikitoka Dar es Salaam. Baada ya hapo vyombo vilibadilika. MV Mapinduzi II, meli ya Serikali yenye uwezo wa abiria 1,200, ilifika Desemba 2015, na makampuni binafsi yameleta meli kubwa zinazomeza malori. Hata hivyo ninao jamaa ambao tangu 2011 hawajakanyaga boti, na sithubutu kuwaambia wanakosea. Kwao nauli ya ndege ni bei ya usingizi.

Kwa mgonjwa ninasema ndege, lakini piga simu kwanza. Ndege ya injini moja yenye viti kama 12 haina pa kumlaza mtu mpaka viti vitolewe, na hilo halifanywi kwa mgonjwa aliyefika mlangoni. Kama yuko upande wa kusini, Spitali ya Abdalla Mzee ya Mkoani, iliyojengwa upya kwa msaada wa China, iko karibu zaidi kuliko kiwanja. Ni bora aonwe pale kwanza kuliko kumkimbiza spitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, kwa mazoea.

Na kwa anayekwenda harusini na begi la nguo za bibi harusi: boti. Mimi begi langu liliwahi kubaki Kisauni kwa sababu ya uzani, likaja na ndege ya jioni, na khitma niliyoijia ilikuwa imeshasomwa nikiwa na suruali ya safari.

Mzigo

Hapa ndipo watu wanapojidanganya zaidi, khasa wanaosema kiwanja kikubwa kitainua kilimo cha Pemba. Inategemea kilimo gani.

Karafuu inakaushwa juani, inatiwa guniani, inauzwa ZSTC, shirika la biashara la Serikali, na ikishakauka vizuri haina haraka. Haijali kama itafika sokoni wiki hii au mwezi ujao. Mwani vivyo hivyo: mkavu, mwingi, na bei ya kilo moja ni ndogo mno kuilipia kiti hewani. Mazao mawili yanayoingiza fedha nyingi vijijini Pemba ni mazao ya meli, na yataendelea kuwa ya meli hata tujenge njia ya ndege kutoka Wawi hadi Wete. Mafuta ya makonyo, vile vikonyo vya karafuu, yanayokamuliwa kiwandani Wawi, karibu na kiwanja, yana thamani zaidi kwa kilo, lakini nayo hayaozi.

Sasa chukua pweza. Chukua kaa, kamba, chewa wa leo asubuhi. Kila saa inayopita bei inashuka, na juani inaporomoka. Huo ndio mzigo wa ndege. Nina maswali mawili tu ninayomwambia kila kijana anayetaka kufanya biashara ya kusafirisha: kilo moja ya bidhaa yako inauzwa mara ngapi ya nauli yake? Na ikichelewa siku tatu, inabaki kuwa bidhaa? Kama jibu la kwanza ni "mara moja na nusu," peleka gatini. Kama jibu la pili ni "inabaki," peleka gatini pia.

Lakini huyo huyo mwenye pweza asikimbilie kiwanja cha Pemba na makreti yake, kwa sababu ndege ndogo haina tumbo la kubeba tani. Samaki anayekwenda Ulaya au Ghuba kwa kawaida husafiri chini ya miguu ya abiria, kwenye tumbo la ndege kubwa, na ndege hizo zinatua Unguja. Watalii wanarudi kwao juu, chini panaweza kukaa samaki wetu. Kwa hiyo njia halisi ya pweza wa Pemba ni barafu, gari, boti hadi Malindi, gari tena, chumba cha baridi Kisauni, ndipo angani. Mahali anapoharibikia ni mwanzoni, kabla hajaiona boti, pale ambapo barafu haitoshi na lori limesimama juani likingoja foleni. Mita 1,000 za lami mpya kiwanjani hazimsaidii. Chumba cha baridi gatini Mkoani kingemsaidia kesho asubuhi.

Umeme wa kukiendesha sasa upo kuliko zamani. Hadi 2010 Pemba ilikuwa ikitegemea majenereta ya Wesha, ndipo ukaja waya wa chini ya bahari kutoka Tanga. Nautaja kwa sababu barazani kila mtu huitaja barabara na kiwanja, huo waya hautajwi, na bila huo hata mashine ya barafu ni pambo.

Kisiwa

Tuangalie kwanza kilichotokea Unguja, maana huko jaribio limeshafanyika.

Njia ya ndege ya Kisauni ilirefushwa ikafika mita 3,022, urefu unaopokea ndege kubwa za masafa marefu zikiwa zimejaa. Mwaka 2010 kiwanja kikapewa jina la Abeid Amani Karume. Jengo jipya la abiria wa kimataifa, tunaloliita Terminal 3, lilianza kujengwa 2011 kwa mkopo wa China, likasimama, likaendelea, likasimama tena, na likaanza kazi 2021. Miaka kumi. Walioanza skuli jiwe la msingi likiwekwa walikuwa wanajiandaa na mtihani wa kidato cha nne likifunguliwa.

Wageni walioingia Zanzibar 2019 walikuwa 538,264. Mwaka 2020, korona ilipofunga anga za dunia, wakashuka hadi 260,644. Mwaka 2023 walikuwa 638,498 na 2024 wakafika 736,755. Wengi wao waliingia kwa Kisauni. Kwa nchi yenye watu 1,889,773 kwa sensa ya 2022 (nchi, au sehemu ya nchi, tusilianze hilo hapa) hiyo ni idadi kubwa, na utalii sasa ni zaidi ya robo ya pato lote. Gati haijawahi kufanya hivyo peke yake. Mtalii wa Poland au Italia mwenye likizo ya siku nane hawezi kuzila siku tatu baharini.

Kiwanja kina mambo mengine yasiyoonekana ufukweni. Kina zimamoto, waongoza ndege, watabiri wa hali ya hewa, mafundi, wasafishaji, madereva wa teksi, na yule mama wa chapati nje ya uzio ambaye hayumo kwenye takwimu ya mtu yeyote. Kinamfikisha mfanyabiashara wa soko la Darajani hadi Dubai, Doha, Addis Ababa au Istanbul bila kupitia Dar. Kinamleta mjomba wa Muscat maziko yakiwa bado yanazungumzwa. Na Serikali inapata mkono wake: ada zilizomo ndani ya tiketi, na tangu tarehe 1 Oktoba 2024 kila mgeni wa nje anakata bima ya safari ya dola 44 ya hapa hapa Zanzibar.

Sasa geuza upande wa pili. Likizo ile imelipiwa Milan au Warsaw kabla mtu hajafunga sanduku. Ndege si yetu. Hoteli mara nyingi si yetu. Kazi ya kuhudumia ndege na abiria Terminal 3 ilipewa kampuni ya Dnata ya Dubai, na tuseme kweli, foleni ilipungua, ingawa manung'uniko ya waliokuwa wakiifanya kazi hiyo kabla yake hayakupungua. Nyanya na vitunguu vya bufee vimetoka bara. Kinachobaki kisiwani ni mishahara, kodi, teksi, pweza wa kuchoma Forodhani, na kanga aliyoinunua siku ya mwisho. Si kidogo, lakini si ile namba inayosomwa majukwaani.

Na kipato hicho kinaanguka kwa mambo ambayo sisi hatuna mkono nayo. Februari 2022 mamia ya watalii wa Ukraine walikwama Unguja kwa sababu vita vilianza kwao wakiwa ufukweni Nungwi. Wapi Nungwi, wapi Kyiv!

Gati, kwa upande wake, hainawiri kwenye picha lakini bila yake hatuli. Mchele, sukari, unga, saruji, nondo, dawa, petroli, vyote vinaingia kwa maji. Hata mafuta ya hizo ndege huja kwa meli. Malindi ilipozidiwa, meli za makontena zikawa zinangoja siku nyingi nje, na kungoja huko tulikulipia sisi dukani, kila mfuko wa mchele ukiwa na senti zake za foleni. Ndiyo maana kila serikali inaizungumzia bandari ya Mangapwani.

Kama unataka kulinganisha na majirani, usitazame moja, tazama wawili. Shelisheli hadi 1971 ilikuwa ikifikiwa kwa meli, nyingine zikitokea Mombasa, na ilikuwa ikiishi kwa nazi na mdalasini. Kiwanja cha Mahé kilianza kupokea ndege mwaka huo, kikafunguliwa rasmi tarehe 20 Machi 1972, na baada ya miaka michache utalii ukawa ndio uchumi. Hadithi hiyo ndiyo inayosimuliwa kila anapotakiwa mtu kushawishiwa. Isiyosimuliwa ni ya Ngazija, kisiwa kikubwa cha Komoro. Hahaya pana kiwanja cha kimataifa miaka mingi, bahari ni hiyo hiyo, watu ni ndugu zetu, na watalii ni wachache sana. Mapinduzi ya kijeshi, umeme wa kukatika na uhaba wa hoteli vilitosha kukiacha kiwanja kikipokea zaidi wana wa nchi wanaorudi likizo kutoka Ufaransa. Ukitaka mfano mkali zaidi, kisiwa cha Saint Helena katika Bahari ya Atlantiki kilijengewa kiwanja kwa pauni milioni 285, ndipo ikaonekana upepo wa kilimani pale hauziruhusu ndege kubwa walizozitarajia. Safari za ratiba zikaanza Oktoba 2017 kwa ndege ndogo zaidi.

Pemba sasa

Pemba ina watu 543,441 kwenye kilomita za mraba 988. Njia yake ya ndege ni kiasi cha mita 1,500. Kuna mpango wa kukipanua kiwanja kiwe cha kimataifa, na ukisikiliza barazani utadhani tayari ndege za Ulaya zinazunguka juu ya Chake zikisubiri lami ikauke.

Upande wa kiwanja kirefu kuna hoja nzito moja, na mimi ninaikubali: wageni wanaopaswa kubadilisha ndege Unguja ili waje Pemba, wengi wao hawabadilishi. Wanabaki huko huko. Pemba inakula makombo ya Unguja, na itaendelea kuyala mpaka mtu aweze kununua tiketi moja inayoishia Chake. Ndege ya jeti iliyojaa abiria na mafuta ya safari ndefu inataka zaidi ya kilomita mbili za lami. Kwa mita 1,500 haiji.

Lakini ndege ya aina hiyo inashusha watu 180 au zaidi kwa mkupuo, na wote wanataka kulala usiku ule ule. Hoteli za Pemba za watalii ni chache na ndogo, moja Wambaa, moja Kigomasha, nyingine zimetawanyika. Uzuri wa Pemba ni huo huo utulivu: Msitu wa Ngezi, Kisiwa cha Misali, matumbawe, popo wetu wakubwa wasiopatikana kwingine duniani. Huwezi kumwaga watu 180 Misali halafu ukategemea Misali ibaki.

Kuna ardhi pia. Pemba ni vilima na mabonde, karibu kila kilima kina nyumba na karibu kila bonde lina mpunga. Njia ikirefushwa kilomita moja, inakwenda juu ya mikarafuu ya mtu. Mkarafuu unachukua miaka sita au zaidi mpaka uanze kuzaa vizuri. Fidia inayohesabu mti kama kuni imemwibia mwenye shamba, na hilo ndilo linalogeuza mradi mzuri kuwa kesi.

Katikati ya ndege ya viti 12 na ile ya viti 180 ipo ya mapangaboi yenye viti 50 hadi 70. Hiyo haihitaji mita 3,000. Inaweza kutua kwenye urefu usiozidi sana tulionao, mradi lami iwe imara, zimamoto wawe kamili, na taa za njia ziwe zinawaka. Ikija mara tatu kwa siku kutoka Dar na Mombasa, nauli inaweza kushuka kwa mkaazi, begi la kilo 23 linapita bila kugawiwa, na hoteli za vyumba 20 zinajaa bila kuvunja kisiwa.

Kwa hiyo mpangilio wangu ni huu, na wewe una haki ya kuupindua. Kwanza gati ya Mkoani: sehemu ya kusubiria yenye kivuli, gari za mizigo zisipitane na akina mama wenye watoto, na chumba cha baridi. Pili kiwanja kilichopo kitengenezwe kwa ajili ya ndege za kati, usiku na mchana. Tatu ardhi ya kurefusha ipimwe na kulipiwa mapema, miti ikihesabiwa kama miti, ili siku vitanda vya hoteli vikifika idadi, kazi ianze bila kesi. Mtu wa Unguja mwenye hoteli Nungwi pengine angepanga kinyume, na kwa upande wake atakuwa sahihi; yeye mzigo wake una miguu na pasipoti.

Ukimkaribisha mwakilishi wako barazani, usimuulize kiwanja kitakuwa na milango mingapi ya kuingilia ndege. Muulize kwenye mchoro chumba cha baridi kiko wapi, nani atalipa umeme wake, na mama mwenye pakacha atasimama foleni gani.